Kii ya baba si kii yako: kwa anayeanza kuimba hotelini Mombasa

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, na hoteli za Nyali, Bamburi na Diani zikianza kutafuta waimbaji wa msimu, hunijia vijana wawili watatu na swali lile lile: nianzie wapi? Wengi wao wametoka nyumba za muziki. Baba alipiga gita, shangazi aliongoza kwaya, kaka ana bendi Mtwapa. Nawaandikia hao kwanza, kwa sababu nimetoka huko huko na najua mnayoyapata bure na mnayokuja kuyalipia baadaye. Wewe ambaye kwenu hakuna aliyewahi kushika maiki, soma pia. Kuna mahali utajikuta una nafuu kuliko sisi.

Nilizaliwa Freretown, si mbali na Kengeleni. Baba alipiga saksafoni ya tena (tenor) na kuimba katika bendi ya hoteli, pwani ya kaskazini. Mama aliimba na bendi hiyo hiyo kabla ya kuolewa, kisha akahamia kwaya ya kanisa kwa sababu kwaya haikeshi. Mazoezi yalikuwa sebuleni kwetu. Nilijifunza kulala huku besi inagonga ukuta. Shuleni walimu walinijua kwa jina la baba kabla ya kulijua langu, na kila mtu mzima aliyepita alinitolea methali ile ile: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.

Basi nilivukuta. Tangu nikiwa na miaka kumi hivi nilikunja nyaya, nilibeba stendi, niliandika maneno ya nyimbo kwa mwandiko mkubwa ili waimbaji wayasome kwenye mwanga hafifu wa jukwaa. Wakati huo niliona ni adhabu. Leo nakuomba, ukipata nafasi ya kuvukuta, ichukue. Mwimbaji aliyewahi kukunja nyaya anajua kwa nini spika inapiga mluzi akiisogelea na maiki mkononi. Hamkaripii fundi wa sauti mbele ya wageni, maana anajua fundi huyo ndiye anayeamua kama usiku huo atasikika. Na kule kuandika maneno kulinipa nyimbo karibu mia mbili kichwani kabla sijapanda jukwaani hata mara moja.

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka 20. Mwimbaji wa kike wa bendi alipata kazi ng'ambo akaondoka wiki moja kabla ya Krismasi. Baba akamwambia meneja, "Binti yangu azijua nyimbo zote." Ikawa ndiyo hiyo. Hakuna aliyenijaribu, hakuna aliyeniuliza lolote isipokuwa saizi ya gauni.

Nyimbo za mwanzo wa usiku, wageni wakiwa bado wanakula, zilikuwa zile za jazi, za polepole, za Kimarekani za miaka ya 1940 na 1950. Baba alizipenda kwa sababu ya mwimbaji mmoja wa huko, Nat King Cole, na aliziimba kwa sauti nzito, bila haraka. Bendi ilikuwa imezipiga katika kii zake, yaani kimo cha sauti kilichomfaa baba, zaidi ya miaka kumi; vidole vya wazee wale vilizijua hata taa zikizimika. Mimi ni nani niwaambie wabadilishe? Nikaziimba pale pale zilipo. Penye chini nilinong'ona, penye juu nilipiga ukelele, na katikati palikuwa na noti tano sita ambapo nilisikika kama mtu. Wageni walipiga makofi, na makofi yakanidanganya. Usiku wa nne sauti ikanikatika katikati ya ubeti. Haikukwaruza. Ilikatika kama kamba, nikabaki kinywa wazi huku saksafoni ya baba ikiingia upesi kuziba pengo.

Kesho yake alasiri mpiga kinanda aliniita ukumbini kabla viti havijapangwa. Alikuwa mzee mpole, si mtu wa maneno. Alifunga kifuniko cha kinanda akasema, "Imba wimbo wa jana. Uimbe vile ungeuimba ukifua nguo." Nikaimba. Alinisikiliza hadi mwisho, akafungua kifuniko, akaitafuta kwa kidole kimoja noti niliyomalizia. "Umemalizia hapa, A flati. Babako yuko E flati. Siku zote hizi ulikuwa waimba nyumbani kwa mtu."

Jioni ile akamwambia baba. Nilikuwa nimekaa nyuma ya spika na nilisikia yote. Baba hakujibu neno. Alitoa karatasi zake za muziki, zile alizoziandika kwa wino miaka ya nyuma, akaazima penseli kwa mhudumu, akaanza kuandika noti mpya juu ya zile za zamani, mstari kwa mstari, hadi saa ya kuvaa sare. Alimaliza wimbo mmoja usiku huo, na mwingine kesho yake. Kufikia Machi alikuwa ameandika upya nyimbo kumi na tisa. Karatasi hizo ninazo mpaka leo, wino chini, penseli juu.

Sasa kaa nikueleze jambo hili vizuri, maana vijana wengi hunijia na sauti nzuri sana na hawajui kii ya wimbo wao hata mmoja. Sauti ya mwanamume na ya mwanamke hazipishani kwa oktavu kamili, yaani kutoka do hadi do ya juu. Ukiuchukua wimbo wa mwanamume katika kii yake na kuupandisha oktavu nzima, mara nyingi utakupeleka juu mno. Ukiuimba pale pale anapouimba yeye, utakuzamisha. Kwa kawaida mwanamke huhitaji kuusogeza kiasi cha noti nne au tano za skeli, kama mimi nilivyotoka E flati kwenda A flati. Lakini hiyo ni kanuni ya kuanzia tu. Kilichopo ni wewe na wimbo wenyewe: tafuta noti yake ya chini kabisa na ya juu kabisa, na uone kama zote mbili unazifikia bila kukunja uso. Na usijaribu saa nne asubuhi ukiwa umelala vizuri. Jaribu saa tano usiku, baada ya seti mbili za nyimbo, ukiwa umechoka. Kii unayoiweza ukiwa umechoka ndiyo ya kuandika kwenye daftari.

Halafu kuna mambo ya vyombo, na hapa mtoto wa nyumba ya muziki ana bahati kwa sababu anayasikia mezani. Saksafoni ya tena haisomi noti zile zile za kinanda; mpigaji wake huandikiwa toni moja juu. Bendi ikiwa kwenye E, yeye mbele yake ana F shapu, yenye shapu sita, alama za kupandisha noti nusu toni. Ya alto ni mbaya zaidi, shapu saba. Ndiyo maana wapiga saksafoni na tarumbeta hupenda F, B flati na E flati, na mpiga gita hupenda E na A kwa sababu hapo nyuzi zake hulia wazi. Mwimbaji anayejua hili akiingia mazoezini huheshimiwa siku ya kwanza. Kama sauti yako inakaa vizuri kwenye E na E flati zote mbili, muulize anayeongoza wimbo anataka ipi. Ni swali la sekunde mbili, na nimeona bendi nzima ikimkubali msichana mgeni kwa sababu yake.

Nirudi kwa Nat King Cole, au tuseme kwa binti yake, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha sehemu ya pili ya somo hili bila kunijua.

Mwaka 1992 mgeni mmoja wa hotelini aliniachia kaseti alipokuwa anarudi kwao. Ilikuwa albamu ya Natalie Cole iliyotoka mwaka 1991, ambayo ameimba nyimbo za baba yake, na wimbo unaoipa albamu jina lake, Unforgettable, ameuimba pamoja naye, ingawa baba alikuwa amekufa miaka 26 kabla. Studio ilichukua sauti ya zamani ya baba na kuiweka kando ya sauti mpya ya binti. Albamu ile iliuza zaidi ya nakala milioni 7 Marekani peke yake na kuzoa tuzo za Grammy za 1992, ikiwemo ya albamu ya mwaka. Watu wengi wanajua hapo tu, na wanadhani alirithi. Mimi nilianza kumfuatilia nyuma, na nilichokipata ndicho ninachotaka ukijue.

Natalie alizaliwa Los Angeles mwaka 1950 katika nyumba ambayo baba alikuwa nyota na mama, Maria, alikuwa ameimba na okestra ya Duke Ellington. Akiwa na miaka sita tayari ameimba na baba kwenye rekodi ya Krismasi. Februari 1965, siku chache tu baada ya binti kutimiza miaka 15, baba akafa kwa saratani ya mapafu. Natalie alisoma chuo kikuu huko Massachusetts, saikolojia ya watoto, akahitimu 1972. Alipoanza kuimba kwenye vilabu, walimpa nafasi kwa sababu ya jina la baba, wakategemea nyimbo za baba. Yeye akawaimbia soul na roki, na wenye vilabu wakakunja uso. Fikiria hilo, wewe ambaye meneja amekuajiri kwa sababu anamkumbuka babako. Mlango umefunguliwa, na ukishaingia unakuta kiti kimoja tu, na kimeandikwa jina la mtu mwingine.

Hakukikalia. Mwaka 1975 alitoa albamu yake ya kwanza, na mwaka uliofuata akapata Grammy mbili: ya msanii mpya bora, akiwa Mweusi wa kwanza kuipata, na ya mwimbaji bora wa kike wa R&B, tuzo ambayo Aretha Franklin alikuwa ameichukua kila mwaka kwa miaka minane mfululizo. Na hata hapo hakuwa mbali na kivuli cha baba: kampuni iliyomrekodi ni Capitol, ile ile iliyonawiri kwa rekodi za baba yake hadi jengo lake la Hollywood likaitwa nyumba aliyoijenga Nat. Lakini nyimbo zilikuwa zake. Kutoka albamu ya kwanza hadi ile ya nyimbo za baba ni miaka 16.

Miaka hiyo 16 ndiyo nataka uihesabu. Isikilize rekodi ile ya wawili tena, na safari hii msikilize binti tu. Sauti ya marehemu haimsubiri mtu. Haiwezi kuombwa ipunguze mwendo, ipumue kidogo, ishuke kii. Binti ndiye anayepaswa kuingia kati ya mistari, kwa wakati wa baba, na bado asikike ni yeye. Angejaribu hivyo akiwa na miaka 20, angemezwa. Alikuwa na miaka 41, na kila mtu mwenye masikio alishaijua sauti ya Natalie ni ipi.

Mimi niliyafanya kinyume. Nilianzia nyumbani kwa baba, nikatoka baadaye. Sikatai kwamba inawezekana hivyo pia, ila nitasema ukweli: imenichelewesha. Kwa miaka saba au minane nilikuwa "binti ya fulani" kwenye kila bango la hoteli, na mimi mwenyewe sikujua kama ninapenda nyimbo zile au nampenda baba. Kama ningerudi nyuma, ningeomba msimu mmoja, mmoja tu, niimbe na bendi nyingine, mahali ambapo hakuna anayemjua baba. Wewe usiye na jina la ukoo kwenye muziki, hapa ndipo una nafuu. Hakuna anayekusubiri uwe mtu mwingine.

Jambo jingine kuhusu neno lenyewe, jazi. Afrika Mashariki tuliliweka kwenye majina ya bendi za dansi ambazo zilipiga rumba na twisti, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa hiyo kijana wa hapa akiambiwa "imba jazi" hajui aanze wapi, na akienda intaneti anakutana na waimbaji wa Marekani wanaotapika noti mia kwa dakika, anakata tamaa. Usianzie huko. Anzia kwa waimbaji wa polepole, wanaosema maneno kama wanazungumza. Jifunze kuchelewa: bendi inapiga mdundo, wewe unaliweka neno nyuma yake kidogo sana, kama mtu anayekaa kitini bila haraka. Ukiweza hilo kwenye wimbo mmoja, umeshaingia jazini.

Na usidharau ya kwetu. Freretown yetu ndiyo iliyomtoa Mzee Joseph Ngala, mpiga saksafoni aliyeipa Pwani muziki wa bango, na bango ni shule nzima ya kuunganisha saksafoni na midundo ya Kimijikenda na maneno ya Kiswahili yanayotembea taratibu. Ng'ambo ya ukuta wa sebule yetu jirani alicheza kaseti za Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, kila Ijumaa jioni. Mtu yule alikuwa akizivuta silabi za mashairi, akazikunja, akazirudisha, na kila neno bado unalisikia wazi. Nilijifunza kwake jinsi ya kushika pumzi kuliko nilivyojifunza kwenye rekodi yoyote ya ng'ambo. Kijana anayeimba Kiingereza kizuri na hawezi kuimba ubeti mmoja wa Kiswahili bila kumeza herufi, simpi nafasi kwenye bendi. Wageni wenyewe hutuomba Kiswahili, na wakikosa hapo hutafuta kwingine.

Kuhusu koo nitasema machache. Nat King Cole alivuta sigara sana, akafa na miaka 45. Kiyoyozi cha ukumbi kinakausha koo kuliko upepo wa pwani, kwa hiyo maji ya kawaida, si baridi, yawe karibu na stendi yako tangu wimbo wa kwanza. Miraa na muguka hukausha kinywa na kukunyima usingizi, na koo lisilolala haliimbi. Sauti ikikwaruza wiki mbili bila kupona, nenda hospitali ukamwone daktari wa koo, usinywe tangawizi mwezi mzima ukijidanganya.

La unga siwezi kulipita haraka. Natalie Cole mwenyewe alisimulia hadharani jinsi heroini na kokeini zilivyokaribia kummaliza, na mwaka 1983 aliingia kituo cha matibabu akakaa miezi sita. Alitoka, akaimba miaka mingine mingi. Lakini baadaye aligundulika kuwa na homa ya ini aina ya C, mwaka 2009 akabadilishwa figo, na akafa siku ya mwisho ya mwaka 2015 akiwa na miaka 65. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kueleweshwa hilo. Nimezika wapiga vyombo wawili niliopanda nao jukwaani, mmoja wao mpiga ngoma ambaye mkono wake wa kushoto sijausikia tena kwa mtu mwingine. Wote walianza baada ya kazi, saa nane usiku, wakitafuta namna ya kushuka kutoka kwenye makelele ili walale. Saa hiyo ndiyo ya hatari. Panga kabla: nani unarudi naye, unakula nini ukifika nyumbani, nani anakusubiri. Mama alinisubiri na uji miaka tisa. Niliona ananifanya mtoto.

Sasa pesa. Kazi ya hoteli Pwani ni ya msimu, na msimu unafuata upepo. Desemba hadi Machi kuna kazi, Julai na Agosti zinarudi. Aprili hadi Juni, masika yakinyesha na kusi ikivuma, hoteli nyingine hupunguza wafanyakazi na nyingine hufunga kabisa kwa ukarabati, na wa kwanza kuambiwa "tutakupigia" ni mwimbaji. Mwezi wa Ramadhani harusi husimama, kisha baada ya Idi zinakuja zote pamoja. Hayo unaweza kuyapangia. Usiyoweza kuyapangia pia yapo. Agosti 1997, vurugu za Likoni zilipozuka, wageni waliondoka na bendi yetu ya watu saba ikakaa miezi bila hata usiku mmoja wa kazi. Baba aliiweka saksafoni rehani. Mwaka 2020 hoteli zilifungwa kwa sababu ya korona, na wale waliokuwa na hoteli moja tu kama mwajiri ndio walioumia kuliko wote. Tangu 1997 sijawahi kutegemea mlango mmoja: nafundisha watoto sauti siku tatu kwa wiki, naimba harusi za makanisani, na hoteli ni ya tatu kwenye hesabu, ingawa ndiyo inayonipa jina.

Mkataba uwe wa maandishi, hata ukurasa mmoja. Uandike seti ngapi na dakika ngapi kila seti, nani ana vyombo, unakula wapi, na unarudije nyumbani. Hilo la mwisho wasichana hulisahau. Matatu za Bamburi si nyingi saa saba usiku, na bodaboda ya kila usiku inakula robo ya malipo yako. Niliidai gari ya wafanyakazi kwenye mkataba mwaka wa tatu na sikuwahi kukataliwa. Miaka miwili ya mwanzo sikuipata kwa sababu sikuuliza.

Wimbo ukiutunga mwenyewe, ni mali. Nchini kwetu Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, yaani wajukuu wako wanaweza kuula. Lakini karatasi moja inaweza kuuondoa mkononi mwako. Nilipokuwa na miaka thelathini na kitu, mwenye studio mmoja, simtaji, aliniletea fomu ya kusaini baada ya kurekodi usiku kucha. Nilikuwa na usingizi na nilikuwa na furaha, nikasaini. Miaka miwili baadaye nilisikia sauti yangu kwenye tangazo la redio nikiwa ndani ya matatu ya Kongowea, na sikuwa na haki ya hata shilingi. Soma karatasi asubuhi, ukiwa umekunywa chai. Sajili kazi zako kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na uwaulize ni chama gani kina leseni ya kukusanya mirabaha mwaka huo. Haki ya mtunzi na haki ya anayeimba ni vitu viwili. Ukiwa vyote viwili, udai vyote viwili.

Kuna mfano wa hapa hapa. Them Mushrooms walianza Mombasa mwaka 1972, ndugu wa familia moja ya Harrison wakiwa ndio uti wa bendi, wakipiga kwenye hoteli hizi hizi za kwetu. Wimbo wao wa Jambo Bwana wa mwaka 1982, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison, ulisafiri kuliko bendi yenyewe, na mwaka 1983 Boney M. wa Ujerumani wakatoa wao. Leo hakuna hoteli Pwani ambayo haiuimbi kwa wageni, na wengi wa wanaouimba wanadhani ni wa mababu. Ukiuimba leo usiku, mjue aliyeutunga, na uwaambie wageni jina lake. Mimi hufanya hivyo kila mara na haichukui sekunde kumi.

Na familia zikifanya kazi pamoja, pesa zihesabiwe mezani, mbele ya wote. Baba alichukua malipo yangu miaka minne ya kwanza "kuniwekea". Hakuniibia; yalikwenda kwenye ada za wadogo zangu na bati za nyumba tunayoishi hadi leo. Lakini hakuniambia, na mimi sikuuliza, na tulikaa karibu mwaka mzima tukipanda jukwaa moja bila kuzungumza zaidi ya kuhesabu mdundo. Mama ndiye aliyetukalisha chini. Tangu siku hiyo kila mmoja alipokea chake mkononi, na kilichochangwa nyumbani kilichangwa kwa kujua. Kama unaanza kazi na babako au kaka yako, zungumzeni hili kabla ya usiku wa kwanza, hata kama unaona haya.

Baba sasa hapigi tena, pumzi haimtoshi. Hukaa nje jioni na kunisikia nikijaribu, na nikikosea huinua kidole. Sauti yangu imeshuka na umri, kama zishukavyo nyingi. Wimbo ule wa kwanza wa A flati sasa nauimba G, na juu ya penseli yake nimeandika kwa penseli yangu.

Mazoezi yetu ni Jumanne saa tisa alasiri. Ukija, njoo na daftari: jina la wimbo, kii yako, noti ya juu kabisa na ya chini kabisa, nyimbo kumi za kuanzia, tatu ziwe za Kiswahili. Ziandike kwa penseli.